Mama wa Gauni la Bluu

Benchi letu ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya duka la fundi cherehani, na mimi fundi saa ninajidai nina haki nalo kuliko wengine kwa sababu meza yangu inaligusa. Kila asubuhi tunakaa hapo na kahawa yetu. Yupo Breki, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye hadi leo ukimbishia anakanyaga chini. Yupo Profesa, muuza magazeti anayeyasoma yote kabla ya kuyauza, ndiyo maana yanauzwa yakiwa yamekunjamana. Fundi mwenyewe hutusikiliza kutoka ndani, mguu ukiwa kwenye cherehani. Jumatatu hiyo cherehani ilikuwa kimya. Fundi alitoka, akaomba kikombe, akajibana katikati yetu.

Ijumaa alikuwa amekwenda mji mkubwa na mkewe. Binti yao wa kwanza aliwalipia nyumba ya wageni siku mbili, akasema miaka ishirini na sita wazazi wake hawajawahi kusafiri pamoja ila kwa msiba au kwa mgonjwa. Tulimuaga kwa utani mwingi, na Breki alimpa somo zima la kuvuka barabara. Sasa tulitaka habari za lifti na maghorofa.

— Tulipotezana, Fundi akasema.

Alisimulia polepole. Jumamosi mchana waliingia kwenye jengo la maduka la ghorofa sita. Yeye hutembea mbele na mkewe nyuma, ndivyo walivyozoea tangu enzi za watoto wa kushikwa mikono. Alipogeuka, mke hayupo. Simu ya mkewe ilikuwa ndani ya mkoba, na mkoba alikuwa ameubeba Fundi. Akamkimbilia mlinzi mlangoni. Mlinzi akatoa kijitabu, akauliza mama amevaa nini.

— Nikanyamaza. Akadhani sijasikia, akauliza tena.

Hapa lazima nieleze. Huyu ni mtu anayeweza kukwambia bibi harusi wa miaka sita iliyopita alikuwa na vifungo vingapi mgongoni. Pita mbele yake na shati lililoshonwa kwingine, atakutajia aliyelishona. Na siku hiyo alikuwa na mkewe tangu alfajiri, chumba kimoja, meza moja ya chai.

— Ukasemaje? Breki akauliza.

— Nikasema gauni la bluu. Ndiyo rangi iliyonijia.

Saa nzima walinzi wawili walimtafuta mama wa gauni la bluu. Mkewe alikuwa amekaa kwenye ngazi karibu na duka la viatu, anamsubiri. Mlinzi mmoja alimpita. Aliporudi akamuuliza yeye mwenyewe kama amemwona mama wa gauni la bluu, kapotea, mumewe anahangaika. Mama akasema hajamwona. Akamwonea huruma huyo mama. Mwisho njaa ilimuuma, akashuka mlangoni, wakakutana.

Breki alicheka, akaona anacheka peke yake, akaacha.

— Kumbe lilikuwa la rangi gani? nikauliza.

— Kahawia, kola nyeupe. Fundi alizungusha kikombe. — Kitambaa chake kilikaa kwenye rafu yangu miaka miwili, kinasubiri wateja wapungue. Mke wangu akakichukua kimyakimya, akakipeleka kwa fundi wa mtaa wa pili. Alilivaa siku zote mbili. Alikuwa ananingoja niseme kitu.

Tangu warudi mkewe hajamgombeza. Ungekuwa ugomvi, Fundi alisema, angejua pa kuanzia. Anapakuliwa chakula, anasalimiwa vizuri, ila haitwi tena Baba Watoto. Anaitwa Fundi, kama wanavyomwita wateja.

— Naogopa, jamani. Naogopa atazoea hivi.

Na sisi mnatujua. Mtu akituletea kidonda, tunampa nadharia. Breki aliulaumu mji: kelele za kule zinafuta kichwa, na yeye mwenyewe aliwahi kumsahau utingo kwenye kituo cha mafuta, akaongea naye kilomita mia mbili akidhani yupo kitini. Profesa akapinga. Kwa mujibu wake jicho lina mgao, na Fundi anaumaliza wote kwa wateja, akifika nyumbani limebaki la kuepukia nguzo tu. Breki hakukubali kuzidiwa. Akasema taa za maduka yale zimepangwa kwa makusudi, mtu asahau aliyekuja naye akumbuke kununua.

— Mke wa miaka ishirini na sita haonekani kwa macho, Profesa akahitimisha. — Anaonekana kwa masikio. Mlinzi angeuliza mama anakohoaje, wangempata palepale.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kikohozi anakijua, na hatua zake, na anavyoweka sufuria mezani. Nilimwonea uchungu, na kwa kukosa la maana nikaongeza langu, kwamba ukitazama saa unaona muda, saa yenyewe huioni. Nilijiona nimesema jambo zito.

Mwisho wa benchi alikuwa amekaa nesi mmoja mwenye sare, mgeni kwetu, anasubiri nimbadilishie mkanda wa saa. Alikuwa amesikia yote.

— Samahanini, baba zangu, akasema. — Wake zenu leo asubuhi wamevaa nini?

Breki alikanyaga chini. Profesa akasema kijani, kisha akasema hapana, hiyo ilikuwa jana, kisha akakunjua gazeti. Mimi nilimtafuta wangu kichwani nikapata mkono unaonipa chai, na juu ya mkono huo sikupata kitu. Niliona aibu, na nilikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na mitatu.

— Wangu amevaa blauzi ya njano, Fundi akasema. — Pindo la mkono wa kushoto limefumuka, kama inchi mbili. Sketi nyeusi, ile ya zamani, ameibana kiunoni kwa pini kwa sababu imempwaya. Amekonda. Sikujua kwamba amekonda.

Fundi akainamia kikombe chake.

— Nilimtazama asubuhi nzima. Akaniona. Akajifunika shali, akaniuliza, Fundi, kuna kitu umepoteza?

— Ukamjibuje? nesi akauliza.

— Nikamwambia hapana.

Fundi akaweka kikombe chini kikiwa bado kimejaa. Akasimama na tepu yake ya kupimia shingoni, akashika njia ya nyumbani, saa nne asubuhi, siku ya kazi, akaacha duka wazi na wateja wawili wamesimama mlangoni.