Chuma Kilichokubaliwa na Moyo wa Cheche

Asubuhi hiyo, kijiweni kwetu mbele ya karakana ya kuchomelea, hakuna aliyebishania mpira. Cheche, mwenye karakana, alikuwa amerudi. Wiki tatu hospitali, na ilikuwa mara ya pili. Mwaka juzi madaktari waliutanua mshipa wa moyo wake kwa kibomba cha waya. Mshipa ukavimba ukikizunguka, ukaziba tena. Safari hii wamemwekea kingine, ndani ya kile kile cha kwanza. Koki, fundi bomba, alimpisha kwenye benchi. Karani, mzee wetu mstaafu, akammiminia kahawa.

— Wamekupasua kifua? Koki akauliza.

— Wapi! Wamepitia hapa. Cheche akaonyesha kifundo cha mkono, alama ndogo kama ya kuumwa na siafu. — Niko macho kabisa, nakiona kwenye skrini kinapanda mpaka moyoni.

— Makubwa! Na kile cha kwanza? Kilikula kutu?

— Hata. Daktari anasema mwili ulikiona mvamizi. Askari wa damu wakakishukia, pakavimba, nyama ikaota juu yake.

— Wahenga walisema, Karani akadakia, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

— Jembe la nini moyoni, mzee wangu? Koki akauliza.

— Hiki kipya kimepakwa dawa, Cheche akaendelea. — Inatoka kidogo kidogo, inawatuliza wale askari, mpaka mshipa unakifunika kwa utando wake wenyewe.

— Kumbe hongo! Koki akaruka. — Kinawahonga askari!

— Si hongo, ni kitambulisho, Karani akasema. — Ngoja, watatupaka sisi wazima wazima, hata uzee utupite ukidhani tumehama!

— Basi waanze na mimi, Koki akasema, mama mkwe anizoee.

Tukacheka. Cheche hakucheka.

— Miaka thelathini napaka mageti rangi, yasile kutu. Sikujua kuna mtu anapaka chuma ili mwili usikasirike. Juzi mke wangu kaweka sikio hapa kifuani, kasikiliza, kasikiliza, kisha akalia.

Mama mmoja aliyekuja kuagiza dirisha alikuwa amesimama pembeni, anasubiri.

— Samahani, kaka zangu. Hicho cha kupakwa dawa, cha kwanza kabisa duniani, nani alikubali kuwekewa?

Cheche akatua kikombe, akaweka kiganja kifuani.

— Simjui, dada yangu, akasema polepole. — Lakini huyo ni ndugu yangu.