Meno Manne ya Mwimbaji wa Dhahabu

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza Fundi Gego, familia imenichagua mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha yake, nadhani kwa sababu ndimi niliyetumwa naye tangu nilipojua kutembea, kwa hiyo hata hii naihesabu kuwa ni kutumwa tu.

Dada alizaliwa tarehe 9 Aprili 1951, mtoto wa kwanza kati ya wanne wa baba yetu, aliyekuwa mwashi, na mama yetu, aliyekuwa mshonaji, alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari miaka minne, na Januari 1969 akaingia chuo cha mafundi wa meno ya bandia, ambako kwa maelezo yake mwenyewe alikuwa wa kwanza darasani, na kwa maelezo ya cheti chake alikuwa wa tatu.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa katika karakana ya meno ya hospitali, chumba chenye dirisha moja, meza iliyoganda plasta na jiko dogo la kuyeyushia nta, akakaa humo miaka thelathini na tisa hadi alipostaafu tarehe 9 Aprili 2011, na ndiko alikopata jina la Fundi Gego pamoja na tabia ya kumtazama mtu mdomoni kabla ya machoni, hivyo wengi wenu hapa aliwajua meno kwanza, majina yakafuata.

Tarehe 14 Desemba 1974 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi saa, ambaye alitengenezewa jino moja la mbele, likakaa sawasawa, naye akarudi mara tatu kulalamika kwamba halikai, mpaka karakana nzima ikaelewa anachotafuta si jino. Walijaliwa binti mwaka 1976, mtoto wa kiume mwaka 1979, na wajukuu watano.

Sasa nifike kwenye sarafu, maana najua wapo waliokaa hapa wanazisubiri. Mwaka 1983 alipopewa zawadi ya mfanyakazi bora, badala ya kununua redio kama tulivyomshauri, alinunua sarafu ya kumbukumbu ya dhahabu safi yenye sura ya mpiga zeze, akatuambia dhahabu anaijua, ameiyeyusha kwa mikono yake miaka kumi na moja na haijamwangusha hata siku moja, na tangu hapo kila alipoweza aliongeza msanii mwingine, mchoraji, mfinyanzi, mpiga ngoma, akiwashika ukingoni kwa vidole viwili, na aliyethubutu kugusa uso wa sarafu alionyeshwa mlango. Tulimcheka, lakini mwaka 2008 bei ya dhahabu ilipopanda aliwauza mpiga zeze na mpiga ngoma, akaezeka nyumba yote bati jipya, na kila mvua iliponyesha alitutaka tunyamaze tuwasikilize wale wawili wakiwa kazini.

Kitu kimoja tu kilimkosesha raha, nacho ni kwamba wasanii wote wa dhahabu walikuwa wamefumba midomo. Alisema watu waliochangamsha dunia wamechongwa kama wanaosubiri zamu kwa daktari wa meno, na kabla hajafa anataka kumwona mmoja wao anacheka. Kwa hiyo kila Januari, kuanzia mwaka 1992 hadi 2019, alikiandikia kiwanda cha sarafu barua ya kurasa mbili, nami, kwa kuwa ofisi yangu ilitazamana na posta, nikazipeleka zote ishirini na nane, nikinung'unika, na nakiri leo mbele yenu kwamba niliona ni upuuzi.

Tarehe 12 Oktoba 2021 sarafu ikaletwa, mwimbaji wa kike amerudisha kichwa nyuma, anacheka, meno yote nje. Dada alilia, tukalia naye, kisha akachukua lenzi ya shemeji, akatazama, akaacha kulia. Kati ya chonge na chonge binadamu ana meno manne, na yule mwimbaji alikuwa amechongewa matano. Muuza sarafu wake alimsihi anyamaze, anunue nyingine kumi, kwani kosa la namna hiyo likijulikana bei hupanda sana, lakini dada alimjibu kwamba yule mama ameshafariki, hawezi kujitetea, na hatamwacha acheke milele kwa kinywa cha mtu mwingine. Barua ya ishirini na tisa niliipeleka siku hiyohiyo, bila kunung'unika.

Juni 2022 madaktari waligundua moyo wake umetanuka, akatibiwa nyumbani, akalazwa tarehe 20 Februari 2023, na tarehe 2 Machi kiwanda kikamletea wodini sarafu iliyorekebishwa, pamoja na barua ya kumshukuru na kumwomba radhi. Akainuliwa kwa mito, akaomba lenzi, akahesabu manne, akatabasamu, akaizungusha kidogo kwenye mwanga, akaniambia taratibu kwamba meno sasa yamekaa, sikio ndilo bado. Alifariki tarehe 4 Machi, saa tano asubuhi, sarafu ikiwa chini ya mto.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, waliokubali kukaguliwa meno kila asubuhi walipokuja kumpima yeye, majirani waliopika na kulala nasi siku zote hizi, na wenzake wa karakana, ambao kazi yao naiona humu ndani kila mtu anapofungua kinywa.

Dada, jana niliazima lenzi kwa shemeji nikalitazama lile sikio, na kweli limekaa juu mno. Barua nimeiandika mwenyewe, kurasa mbili, Jumatatu naipeleka posta. Wewe pumzika kwa amani.