Kikohozi cha Forbasach

Samhain hii, sikukuu ya kuingia majira ya baridi, baada ya miaka thelathini na tisa ya utumishi, Forbasach wa Dún Coll anaweka chini fimbo ya msimulizi wa nasaba. Mimi ni mpiga kinubi wa ukumbi huohuo. Nimekaa ubavuni mwake muda wote huo, na mate yake yamenirukia zaidi kuliko yalivyomrukia mkewe.

Kazi yake ilikuwa kumtaja mfalme wetu Dúnchad kila sikukuu, na baba yake, na babu yake, hadi kumfikia Eochu Mfupi, yule aliyezaliwa na meno kamili, ambaye enzi zake ng'ombe walikamwa mara tatu kwa siku. Wageni walisinzia. Sisi wenyeji tulikuwa tunangoja pacha.

Maana nasaba yetu ina Artrí na Ailgal, waliozaliwa siku moja, na hakuna ajuaye nani alitangulia. Wa ukoo wa Artrí hukaa karibu na moto, wa Ailgal karibu na mlango, na kila upande unasema mkubwa ni wao, kwa hiyo kiti cha enzi ni chao. Msimulizi aliyepita alimtaja Artrí kwanza, tena kwa ulevi tu. Kesho yake ng'ombe walitekwa, watu wakazikwa, akiwemo mume wa Bi Lígach, wa upande wa mlango.

Forbasach akaja na kikohozi. Akifika kwa pacha, kifua kinambana, anayakohoa majina yote mawili kwa mkupuo, anafuta mdomo na kuendelea na baba yao. Bi Lígach akawa anamletea asali kila sikukuu. Kifua hakikupona ng'o.

Jana, kwenye karamu ya kumuaga, Ruarc, mjukuu wa Bi Lígach, alisimama.

"Mzee Forbasach, leo ndiyo mwisho. Tutajie pacha bila kukohoa. Asali umekunywa, sote tumekuona."

"Ataje tu," wakajibu wa karibu na moto. "Kwani nani anaogopa?"

Mikono ikashuka viunoni penye visu. Mimi nikakisogeza kinubi nyuma yangu.

Forbasach akaanza, sauti safi kabisa. Akafika kwa pacha, akafungua kinywa, na bingwa wetu akakaukiwa. Kikohozi hakikuja.

Basi akakohoa Bi Lígach. Akakohoa tena, kwa nguvu, huku amemkazia macho mjukuu wake. Bibi mmoja wa karibu na moto akamjibu kwa kikohozi chake. Muda si muda ukumbi mzima ulikuwa unakohoa, na mfalme naye.

"Bibi, hata wewe?" akauliza Ruarc.

"Kifua, mjukuu wangu. Keti ule."

Ruarc akaketi. Forbasach akayapitisha majina humohumo katikati ya makelele, na hata mimi niliyekuwa ubavuni mwake sikuyasikia.

Ahsante, Forbasach, kwa amani uliyotutunzia kooni mwako. Tunakutakia uzee mtamu, moto wa kutosha na kifua kizima. Kikohozi tuachie sisi.