Mume Wangu Hakumbemenda Mtoto

Akina mama wenzangu wa Likombe, mwenyekiti ameniomba niseme kwa ufupi. Mimi ni mwalimu, na jioni huandikia magazeti makala, kwa hiyo ufupi si kawaida yangu, lakini nitajaribu. Nililokuja kulisema ni la aibu, na aibu yenyewe ni yangu peke yangu.

Kahawa nilijifunzia chuo kikuu. Wenzangu walirudi na shahada. Mimi nilirudi na shahada na kopo la kahawa. Nilipoanza kufundisha hapa Mtwara, miaka ya tisini, nilikuwa nakunywa vikombe sita kwa siku, vikubwa, vyeusi. Nikapata mimba ya kwanza, nikaongeza cha saba, maana usingizi wa ujauzito ulinikuta na madaftari ya kusahihisha.

Kliniki, nesi akaniuliza nakunywa nini. Nikamwambia. Akaacha kuandika.

"Mwalimu, punguza. Kahawa inamfikia mtoto, na yeye hana uwezo wa kuitoa mwilini kama wewe. Anaweza kuzaliwa mdogo."

"Umesoma wapi hayo?"

Ndugu zangu, nawaambia, niliuliza kwa sauti ile ninayomtolea mwanafunzi aliyenakili mtihani.

"Kitabu sina hapa, mwalimu. Nina mizani."

Wenzangu kwenye benchi walicheka. Nikaenda nyumbani na hasira zangu, nikachemsha kahawa. Mtoto aliporukaruka tumboni baada ya kikombe, nikamwambia mume wangu tumepata mchezaji wa mpira.

Alizaliwa wakati wake, msichana, kilo mbili na kidogo. Hakuwa mgonjwa. Alikuwa mdogo tu, ngozi imemlegea kana kwamba amevalishwa nguo ya dada yake.

Wifi yangu ndiye aliyeanza. "Huyu kabemendwa," akasema. Yaani baba yake alitoka nje ya ndoa mkewe akiwa na mimba, na mtoto ndiye aliyedhurika. Mume wangu ni karani bandarini, mtu wa kazini na nyumbani. Wakamketisha mkekani mbele ya mama yake na mjomba wake.

"Mtaje huyo mwanamke," mjomba akasema.

"Hayupo, mjomba."

"Mtoto mwenyewe anasema yupo. Hebu mtazame."

Mimi nilikaa pembeni, nimempakata mtoto. Nilishaandika makala nzima ya kuwacheka wanaoamini kubemenda. Siku ile sikumcheka mtu. Nilivijua vikombe vyangu saba, niliyakumbuka maneno ya nesi, na nikanyamaza. Imani niliyoidharau sasa ilikuwa inanifaa. Hata machozi nilitoa, wakadhani nalia kwa kusalitiwa.

Miezi mitatu mama mkwe hakula sahani moja na mwanawe. Nikipita madukani Chikongola watu walinipa pole. Nilizipokea.

Kisha siku moja mume wangu akanisindikiza kliniki. Mtoto alikuwa ameongezeka uzito, nesi amefurahi. Mume wangu akainama, akamuuliza taratibu, "Sista, mtu anaweza kumbemenda mtoto bila kutoka nje? Kwa kumtazama mwanamke tu?"

Alikuwa ameanza kuyachunguza macho yake. Mtu asiye na kosa alikuwa anajitafutia kosa. Hapo nilishindwa.

"Ni kahawa yangu," nikasema.

Nesi alitutazama wote wawili. "Kwa kahawa siwezi kuapa, mwalimu. Watoto huzaliwa wadogo kwa mengi, malaria, upungufu wa damu. Kahawa nyingi inaweza kuchangia. Ila kwa huyu baba, naapa. Hakumfanya mtoto kitu."

Mume wangu aliniuliza swali moja tu. "Ulilijua hili siku ile mkekani?"

"Nililijua."

Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akatangulia kutoka.

Kwa mama mkwe nilikwenda peke yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akasema, "kahawa nakusamehe, hukuamini. Lakini umeniacha miezi mitatu namchukia mtoto wangu, na hilo ulilijua." Jioni ile akamwita mwanawe wale pamoja.

Mimba ya pili sikugusa kahawa. Siku tatu za mwanzo kichwa kiliuma nikadhani nakufa. Mama mkwe akahamia kwangu, akinipikia uji na kunusa vikombe vyangu kama askari wa forodha. Mtoto alizaliwa na kilo tatu. Sisemi huo ni ushahidi. Nesi alishanifunza adabu. Binti yangu wa kwanza sasa yuko sekondari, mwembamba, mbishi, mzima.

Namshukuru nesi yule, na mama mkwe, ambaye angeweza kunifukuza. Nawe mwenye mimba, ukiulizwa unakunywa nini, sema kweli: kahawa, chai nzito ya rangi, soda nyeusi, kilichomo ni kilekile. Ukiambiwa punguza, punguza. Na mtoto akizaliwa mdogo, msitafute wa kumbebesha lawama.

Jana nilimwomba mume wangu ruhusa ya kuyasema haya. Akauliza, "Wale walionisema wakati ule, watakuwepo?"

"Baadhi yao watakuwepo."

"Basi sema kwa sauti."

Nimesema. Mkifika nyumbani, mwambieni kila aliyewahi kusikia: hakutoka nje.