Wavu wa Matundu Makubwa

Siku alipomzika mumewe, mjane aliutundika wavu wa marehemu ukutani, na tangu hapo hakucheka. Leo alikuwa nao kivukoni, anampelekea jirani wa ng'ambo auzungushie banda la kuku.

Kwenye benchi la mbele, mvuvi alikuwa akimsimulia muuza samaki. "Dada, marehemu yule alikuwa akiwarudisha samaki wadogo majini huku akiwagombeza: 'Nenda nyumbani, mama yako anakutafuta!'"

"Kaka, acha uongo!"

"Haki ya Mungu! Siku moja alinasa kasa, akakata wavu kumtoa, halafu akamwomba radhi. Kasa!"

Muuza samaki alicheka mpaka kilemba kikamdondoka. "Sasa mimi niuze nini sokoni, radhi?"

"Uza wakubwa, dada; ndiyo maana mwishowe alisuka wavu wa matundu makubwa. Tukimaliza watoto, mwakani utauza maji."

"Na wanangu wasubiri kula mwakani?"

Kivuko kizima kilijifanya hakisikii. Mjane, aliyemtambua mumewe katika kila neno, alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Kivuko kilitia nanga, wale wawili wakashuka wakibishana. Mjane hakushuka; alirudi na wavu nyumbani. Siku hizi shemeji yake ndiye anayeuvulia ule wavu, na samaki wadogo wanapenya.