Ukurasa wa Thelathini na Moja: Maisha ya Kokushubila Theonest Mutasingwa (1971–2025)

Ndugu, jamaa na majirani mliofika hapa Pugu leo, Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, mtakuwa mmeiona ile meza kushoto kwa jeneza. Ina vitabu mia mbili na kumi na viwili. Tutavirudia. Kwanza tumweleze mwenye navyo.

Kokushubila, ambaye wengi mlimwita Mama Kemi, alizaliwa tarehe 3 Februari 1971 huko Muleba, mkoani Kagera, mtoto wa pili wa Mwalimu Theonest Mutasingwa na mkewe Paulina, ambao wote wamekwisha kututangulia. Mtoto wa kwanza ni kaka yake, Edgar, tuliyemweka kiti cha mbele. Mwaka 1977 Mwalimu alihamishiwa Temeke, akashuka na familia, godoro moja na masanduku manne ya vitabu.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1979 huko Tandika, katika shule ambako baba yake alifundisha na kutunza maktaba. Shule ya pili ilikuwa nyumbani. Mtoto akimaliza kitabu, alikaa kwenye kigoda na kuulizwa maswali matatu. Akijibu yote, kitabu kilikuwa chake, na Mwalimu alichukua kalamu ya kijani akaandika jina la mtoto chini ya ukurasa wa thelathini na moja. Koku aliuliza kwa nini asiandike mwanzoni kama watu wengine.

"Mwizi wa vitabu huchana ukurasa wa kwanza," baba yake alimjibu. "Huko ndani hafiki."

Edgar alipewa kigoda hichohicho. Alikikalia mara moja, akaulizwa swali la kwanza, akaomba ruhusa ya kwenda chooni, akaonekana uwanjani anacheza mpira. Kwa hiyo kalamu ya kijani hakuwahi kuiona ikifanya kazi. Koku alipomaliza kidato cha nne mwaka 1989, alikuwa amemaliza masanduku matatu. La nne alilimaliza akiwa mke wa mtu.

Mume huyo ni Lusungu Mwaisaka, ambaye mwaka 1994 alikuwa akiuza vitabu vya mitumba chini, juu ya turubai, sokoni Tandika. Koku alishika riwaya akabishania bei, huku anasoma. Alibisha saa mbili nzima. Muuzaji aliposalimu amri, mteja alikirudisha kitabu palepale kilipokuwa. "Asante, kaka. Nimeshakimaliza." Lusungu akaona mtu wa namna hii si wa kumwacha abaki upande wa wateja. Walifunga ndoa tarehe 17 Juni 1995.

Pamoja walifungua duka la vitabu na madaftari Gongo la Mboto, ambako Mama Kemi aliazimisha vitabu kwa wanafunzi kwa miaka ishirini na saba, na ole wake aliyekunja kona ya ukurasa. Mwaka 2004 walijenga nyumba hii. Chumba cha mwisho kilikuwa cha vitabu vya Mwalimu. Mzee alikuja mwenyewe na futi kupima rafu. Hakujaliwa kuvihamisha. Alifariki tarehe 9 Machi 2006.

Wiki mbili baadaye kilikaa kikao cha ukoo. Edgar alisimama. "Koku, wewe umeolewa. Vitabu vya mzee ni vyangu mie mrithi. Kama ni vyako, jina lako liko wapi?" Akafunua majalada matatu mbele ya wazee. Hakukuwa na jina. Vitabu vikaenda Madale, nyumbani kwa Edgar, kwenye kabati la vioo lenye kufuli.

Njiani mumewe alimuuliza, "Mama Kemi, mbona umemeza mate tu?"

"Nikisema leo, kesho hakuna kitabu chenye ukurasa wa thelathini na moja. Mwache avitunze. Kabati analo, kufuli analo, mchwa anawaogopa. Nitapata wapi mlinzi wa bure kama yule?"

Alingoja miaka kumi na tisa. Rafu za chumba kile hakuziwekea hata kikombe. Kila Krismasi alikwenda Madale, akala wali, akauliza, "Kaka, mwaka huu unasoma kipi?"

"Niko na kile kikubwa, dada."

"Umefika ukurasa wa ngapi?"

"Wa mia na kitu."

Alicheka kutoka Madale hadi Pugu.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Mchungaji alipomuuliza kama amewasamehe wote, alijibu, "Mmoja bado. Nitamsamehe vitabu vikifika." Siku zake za mwisho alimwita binti yake, Kemilembe, akampa maneno ya kumpigia mjomba. Alifariki hapa nyumbani Jumanne tarehe 10 Juni, saa nne asubuhi. Saa tano simu ikapigwa.

"Shikamoo mjomba. Mama ametutoka. Aliomba vitabu vya babu vimsindikize."

"Marahaba. Pole sana, mwanangu. Nitavileta vyote. Ila mwandike kwenye ratiba kwamba nimevileta mimi."

"Tutaandika, mjomba."

Tumeandika, someni ukurasa wa pili. Jana alivileta kwa lori la Kenta, akavipanga, akapigwa navyo picha. Mzee Shomari, mjumbe wetu wa shina, alimuuliza kama amevisoma. "Vyote," alisema Edgar, mbele ya watu wasiopungua thelathini. Kenta imekwisha kuondoka. Hairudi.

Marehemu ameacha mume, Lusungu. Watoto wawili, Kemilembe na Fransis. Wajukuu wawili, ambao kigoda kinawangoja. Na kaka mmoja. Kaka huyo, kwa kuwa amevisoma vyote, tunamwomba asogee mezani, achague kitabu chochote akipendacho, na atusomee kwa sauti kilichoandikwa kwa kalamu ya kijani chini ya ukurasa wa thelathini na moja. Akiishiwa sauti, Mzee Shomari atamsaidia. Tukitoka kaburini, kila mwombolezaji abebe kitabu kimoja hadi chumba cha mwisho.

Mama Kemi, mlinzi wako amemaliza zamu. Vitabu vimefika. Sasa samehe, upumzike.