Bashiri, Mtu wa Habari Njema

Ndugu waombolezaji, mjane kwa kawaida huachwa akae alie kwa nafasi yake, lakini wanangu waliosoma wameogopa kusimama mbele za watu, wakanisukumia mimi niliyeishia darasa la tatu, basi vumilieni, nitasoma polepole, na atakayesinzia nitamwona.

Mume wangu Bashiri alizaliwa tarehe 9 Machi 1948, chumba cha nyuma cha duka la baba yake, fundi viatu, baada ya watoto wawili waliozaliwa bila kulia, na huyu alipopiga kelele mkunga alitoka mbio na habari, fundi akampa jina hapohapo. Jina hilo ni la Kiarabu, maana yake mwenye kuleta habari njema, na mzee mmoja aliyeijua lugha hiyo alimweleza fundi kwamba asili yake ni neno la ngozi ya mtu, kwa sababu habari njema huonekana usoni kwanza. Watu wa mtaani walijua kubashiri ni kutabiri tu, wakawa wanamjia awatajie timu itakayoshinda, anawatajia, wanaliwa pesa zao za kamari, na wiki inayofuata haohao wamerudi.

Alisoma hadi darasa la nane, akamaliza mwaka 1963, na tarehe 2 Juni 1969 akaajiriwa kusukuma machela wodi ya wazazi, ambako waliosindikiza hawakuruhusiwa kuvuka mlango wa kijani, kwa hiyo yeye ndiye aliyetoka kuwaambia. Alifunga kwanza vifungo vyote vya koti, akasimama mbele ya mtu, akamtazama usoni, ndipo akasema, na msidhani alikwepa habari mbaya, hizo nazo alizipeleka vilevile, kwa kuwa aliyekaa kwenye benchi ana haki ya kuambiwa.

Mimi nilikuwa nimempeleka dada yangu kujifungua, akaja akaniambia ni mtoto wa kike, kisha akabaki amesimama, nikamwambia, "Si umeshasema? Nenda kazini," asiende. Tulioana tarehe 20 Novemba 1971, tukapata watoto wanne, na kila mmoja alitoka kumtangaza kwa mama yangu kama vile amemzaa yeye.

Agosti mwaka jana alianza kukonda, vipimo vikaonyesha kansa ya ini, na daktari akamwambia mwanetu wa kwanza, huyu mwenye tai, ambaye aliikalia habari hiyo miezi miwili, akitudanganya kwamba ni vidonda vya tumbo, baba yake akanyweshwa maziwa asiyoyapenda. Lakini Bashiri aliijua sura ya mtu anayeficha jambo, akamwita kitandani, "Simama hapa, niambie," kijana akaanza kuliambia dirisha, mzee akamrudisha, "Huku, baba." Alipomaliza mzee alimshukuru, kisha akasema, "Miezi miwili hiyo ningeagana na watu wangu. Sasa utawaambia wewe, mlango kwa mlango, na simu sitaki."

Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Februari, mguu wake ukiwa mkononi mwangu, kwa sababu siku zote ulikuwa wa baridi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliobeba maji bila kuombwa, na wenzake wa machela, hata yule aliyemchekesha mpaka nesi akamfukuza.

Na mwanangu huyu mwenye tai alikwenda mlango kwa mlango, kama baba yake alivyomwagiza. Shangazi yake alimmwagia ndoo ya maji ya kufulia, fundi baiskeli wa mtaani akaendelea kujaza upepo tairi lililokwisha kujaa, lakini wote walikuja, wakamkuta mzee bado anatania. Mlango wa mwisho ulikuwa wa nyumbani kwake mwenyewe, siku ya msiba, binti yake mdogo akiuliza babu anarudi lini. Mwanangu alinitazama mimi, nikamwonyesha mtoto kwa kidevu. Akapiga magoti, akamshika mashavu, akamwambia.

Pumzika, baba watoto, habari zimefika.